Twende Nane Nane, Mbeya



Mwezi wa Agosti ukifika, mahindi yako yamekwisha toka shambani. Mengine yako darini, mengine yako kwenye magunia, na mengine pengine umekwisha yauza. Njia zimekauka na magari yanapita. Mvua iko mbali. Huu ndio wakati wa mkulima kutembea.

Basi mwezi huu twende pamoja Mbeya, kwenye maonyesho ya wakulima yanayoitwa Nane Nane.

Jina lake ni rahisi. Kilele chake ni tarehe 8 ya mwezi wa 8. Siku hiyo ni sikukuu ya wakulima katika Tanzania nzima. Maofisi ya serikali hufungwa. Lakini maonyesho yenyewe huanza siku kadhaa kabla, kwa kawaida tarehe 1 Agosti. Yako mahali pengi nchini: Dodoma kwenye uwanja wa Nzuguni, Arusha kwenye uwanja wa Themi, Lindi kwenye uwanja wa Ngongo, na kwingineko. Mimi nimechagua Mbeya kwa sababu napajua, na kwa sababu huko ndiko yanakokutana mazao ya aina nyingi kuliko mahali pengine nilipopaona.

Uwanja wa Mbeya unaitwa John Mwakangale. Bwana huyo alikuwa mmoja wa viongozi wa TANU katika nyanda hizi wakati wa kudai uhuru. Uwanja uko kando ya barabara kuu, kati ya Uyole na katikati ya mji. Hata kituo cha mabasi cha hapo kinaitwa Nane Nane, kwa hiyo mwambie kondakta neno hilo tu, hawezi kukupoteza. Vaa sweta. Asubuhi Mbeya ni baridi kali, na mchana kuna jua, upepo na vumbi. Chukua kitambaa cha kufunga kichwani, kalamu, na daftari lako la kisomo. Daftari usilisahau. Baadaye utaona kwa nini.

ZAMANI ILIKUWA SABA SABA

Kabla hatujaingia langoni, nikueleze siku hii ilitoka wapi.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa mjini Dar es Salaam. Ni siku ya 7 ya mwezi wa 7, ndiyo maana watu wakaiita Saba Saba. Baada ya uhuru siku hiyo ikawa sikukuu. Ikawa pia siku ya wakulima, kwa maana chama kilisema nchi hii ni ya wakulima na wafanyakazi. Waulize wazee wa kijijini kwako. Watakuambia juu ya ngoma, gwaride, hotuba, na meza ndefu zilizopangwa mahindi, maboga na mihogo. Mkulima aliyeleta kitu kikubwa kuliko wenzake alishangiliwa.

Katika mwaka 1992 nchi ilirudi kwenye mfumo wa vyama vingi vya siasa. Katika miaka hiyo ya 1990 siku ya wakulima ikahamishwa, ikawekwa tarehe 8 Agosti. Saba Saba haikufa. Ilibaki kuwa siku ya biashara, na maonyesho yake makubwa hufanyika Dar es Salaam kando ya Barabara ya Kilwa, kwenye uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 2016 maonyesho hayo ya kimataifa yalifanyika kwa mara ya 40. Huko wanakuja wafanyabiashara wa nchi nyingi. Ukipata nafasi, nenda. Lakini huko utaona zaidi viti, vitambaa, magari na sabuni.

Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, Agosti ni nzuri kuliko Julai. Mwanzoni mwa Julai wengine bado wanavuna na kupukuchua. Agosti kazi imepungua, na shilingi za mavuno bado ziko mfukoni. Hapo ndipo pana hatari pia, kwa sababu wauzaji nao wanajua kwamba shilingi ziko mfukoni mwako.

USIINGIE KAMA UNAKWENDA MNADANI

Mnada unaujua. Unapeleka mbuzi, unarudi na chumvi, sukari na nguo. Ukifika mnadani unauliza, "Bei gani?"

Nane Nane kuna kuuza na kununua pia, lakini swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni, "Hiki kinafanyaje kazi?" Wataalamu wa kilimo ambao mwaka mzima huwapati kijijini, siku hizi wamesimama pale wakingoja kuulizwa. Ukipita mbele yao kimya ukichungulia tu, nao watanyamaza.

Ndani ya lango utakuta mabanda. Kila halmashauri ina banda lake na imeleta mazao ya kwao. Kyela wana mchele unaonukia. Mbarali nao wana mchele, na watabishana na Kyela siku nzima ni upi bora. Mbozi wana kahawa. Rungwe wana ndizi na chai. Njombe wana viazi mviringo na maparachichi. Makete wana ngano na pareto. Watu wa Rukwa huleta mahindi na samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, na Katavi huleta asali. Mtoto wa shule akizunguka mabanda haya kwa nusu siku, amesoma jiografia ya nusu ya nchi.

Lakini usikae sana hapo. Pita, onja asali, kisha nenda nyuma ya mabanda, kwenye vipando.

VIPANDO

Vipando ni mashamba madogo yaliyolimwa palepale uwanjani. Kila kipande kina kibao. Utashangaa kuona mahindi mabichi na maharage yenye maua mwezi wa Agosti, wakati kwenu kote ni majani makavu. Si uchawi. Huku mvua hukoma mwezi wa Mei. Watu hawa walipanda mapema na kumwagilia maji kila wakati, ili wewe ukija uone mmea ukiwa hai.

Na hapa ndipo kisomo chako kinapoanza kukulipa. Kibao kinasema jina la mbegu, kimo cha mahali inapofaa, nafasi ya kupandia na mbolea iliyotiwa. Asiyejua kusoma ataona mahindi tu. Wewe utaona kwamba mahindi ya kipande hiki ni ya nyanda za juu, na yale ya pale ni ya mahali pa joto, hata kama yote ni ya kijani. Mtu wa Kyela akichukua mbegu ya Makete kwa sababu imependeza macho, amejitafutia hasara.

Uyole, hapo jirani, kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Kituo hicho kimezalisha mbegu nyingi za mahindi na maharage. Ukiona herufi UH mbele ya namba, kama UH 615 au UH 6303, ujue ni mahindi chotara ya Uyole.

Siku moja nilisimama penye kipando cha mahindi. Akaja mama mmoja wa makamo, amevaa sweta na kitenge, mkononi ana kamba ya katani. Kijana mtaalamu akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Haya nikiyavuna, nitachagua mahindi makubwa nipande tena mwaka ujao?"

"Hapana, mama. Hii ni mbegu chotara. Mwaka wa kwanza inazaa sana. Ukiipanda tena, mahindi yatatoka mchanganyiko, mengine makubwa, mengine madogo, na mavuno yatashuka. Chotara lazima ununue kila mwaka."

"Kila mwaka? Na mwaka ambao sina fedha?"

Kijana akacheka kidogo, kisha akaona mama hacheki.

"Kama hutaki kununua kila mwaka, mama, kuna mbegu ambazo si chotara. Hizo unaweza kurudia kama misimu mitatu ukichagua vizuri. Hazizai kama chotara, lakini hazitakutupa."

Mama akafikiri. Kisha akamwuliza nafasi ya kupandia. Kijana akasema sentimita 75 kutoka mstari hadi mstari, na sentimita 30 kutoka shimo hadi shimo, mbegu moja moja. Mama akamwomba rula, akalaza kamba yake chini, akafunga mafundo: fundo moja penye 30, jingine penye 75. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaenda zake.

Nimeona watu wakitoka Nane Nane na fulana, kofia na miavuli. Kile kipande cha kamba nadhani kilikuwa na thamani kuliko vyote.

PAKITI YENYE PICHA NZURI

Sasa nikuambie kosa langu mwenyewe, ili lisikupate.

Mwaka mmoja nilichelewa kutoka, banda la mbegu likawa na foleni ndefu. Nje ya lango kijana mmoja alikuwa akitembeza mbegu kwenye mfuko. Pakiti ilikuwa na picha ya hindi nono, na bei ilikuwa chini kuliko ndani. Nilikuwa najua kusoma, lakini sikusoma. Nilitazama picha. Nikanunua za ekari moja.

Mvua ilipoanza nikapanda. Katika kila mashimo 10 yaliota 3, pengine 4. Nikachukua punje zilizobaki, nikaziosha kwa maji. Rangi yote ikatoka, na chini yake yalikuwa mahindi ya kula, yale yale ya kupeleka mashineni. Kupanda upya nilichelewa. Mwaka ule tulinunua unga tangu Februari.

Kwa hiyo nunua mbegu ndani ya banda, au kwa muuza pembejeo anayejulikana, na udai risiti. Kisha soma pakiti kabla hujatoa fedha. Tafuta jina la mbegu. Tafuta tarehe ya kupimwa na mwisho wa matumizi. Tafuta lebo ya TOSCI, yaani taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukiona lebo ina sehemu ya kukwangua, kwangua, utakuta namba. Fuata maelezo yaliyoandikwa hapo na simu yako itakuambia kama mbegu ni halali. Kama hujui kutumia simu kwa kazi hiyo, mwambie muuzaji afanye mbele yako. Akikasirika, rudisha pakiti.

Kwa ekari moja ya mahindi unahitaji kama kilo 10. Usikubali kuuziwa zaidi.

CHUPA YA CHUMVI

Banda jingine la kukaa muda mrefu ni la kuhifadhi nafaka. Wengi hulipita kwa sababu halina kitu cha kung'aa.

Wadudu unawajua. Yuko fukusi, na yuko dumuzi, ambaye wakulima walimwita Skania, jina la yale malori makubwa, kwa jinsi anavyosomba mahindi. Mdudu huyo hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika, na hapa nchini alianza kuonekana huko Tabora, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Tangu hapo ameingia karibu kila mahali. Kwa ajili yake watu wengi huuza mahindi yote mwezi wa Julai, bei ikiwa chini, halafu Januari wanayanunua yale yale kwa bei ya juu. Hawauzi kwa kupenda. Wanaogopa yataliwa darini.

Banda hili litakuonyesha mfuko usiopitisha hewa. Ndani ya gunia la kawaida mna mifuko miwili ya nailoni nzito. Unajaza mahindi kwenye mfuko wa ndani, unakamua hewa yote, unafunga kwa kukaza. Halafu unafunga wa pili, kisha gunia lenyewe. Wadudu waliomo huvuta hewa kidogo iliyobaki, ikiisha wanakufa. Hutii dawa yoyote, na mahindi unaweza kuyala wakati wowote. Lakini nailoni ikitobolewa, hata tundu la mwiba, hewa inaingia na kazi yote imeharibika. Kwa hiyo usiburute mfuko, na uuweke mbali na panya.

Sharti la pili ni kwamba mahindi yawe makavu sawasawa. Mahindi yenye maji yataoza humo humo. Utajuaje kama hujui kupima? Chukua chupa kavu ya kioo. Tia punje za mahindi, kama robo ya chupa. Tia chumvi kavu vijiko viwili au vitatu. Funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie kwa muda wa robo saa. Ukiona chumvi imegandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ukiona chumvi yote imeshuka chini, mahindi ni makavu.

Nilimwona mzee mmoja akifanya jaribio hili mara tatu mfululizo kwa mahindi aliyotoka nayo nyumbani mfukoni. Yaligoma mara zote. Alikuwa ameyafungia kwenye magunia wiki iliyopita. Hakungoja hotuba ya mgeni rasmi. Alipanda basi mchana ule ule.

MIZANI

Wakala wa Vipimo nao huweka banda. Nenda ukajipime wewe mwenyewe, watu hupenda, lakini uliza habari za lumbesa.

Lumbesa unaifahamu. Gunia limejaa, kisha linaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, likawa na debe saba au zaidi, na bei ni ile ile ya gunia moja. Sheria inakataza. Mazao yapimwe kwa mizani, na mfuko usizidi kilo 100. Jambo hili si geni, limesemwa miaka mingi, na bado malori yanatoka vijijini yamebeba lumbesa. Mnunuzi anasema, "Hutaki, baki na mahindi yako." Mkulima mmoja akikataa, jirani yake atauza. Mkikataa kijiji kizima, hapo lori halitaki kurudi tupu. Uliza bandani mizani ya kijiji ni shilingi ngapi na nani huikagua, uandike kwenye daftari, upeleke jibu kwenye mkutano wa kijiji.

SIKU YA KILELE

Tarehe 8 yenyewe uwanja hujaa kupita kiasi. Kuna ngoma, bendi, hotuba, na ng'ombe wa maziwa wanaopitishwa mbele ya watu. Kama unataka kuuliza maswali, njoo siku ya tatu au ya nne, wataalamu wakiwa na nafasi. Kama unataka kusikia jambo kubwa la serikali, njoo siku ya kilele.

Mwaka 2022 na mwaka 2023 maonyesho ya taifa zima yalifanyika hapa Mbeya. Tarehe 8 Agosti 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua katika uwanja huu mpango wa ruzuku ya mbolea. Mbolea ilikuwa imepanda bei duniani kote, na mfuko wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 100,000. Kwa mpango ule mfuko wa DAP au Urea ulishuka hadi kama shilingi 70,000. Lakini aliyepata ni yule aliyekuwa amejiandikisha kijijini kwake na kupewa namba. Wengine walisikia hotuba, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani, na walipokwenda dukani wakaambiwa, "Namba yako iko wapi?"

Mashine nazo ziko nyingi: za kupukuchua, za kukamua alizeti, matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono. Omba ziwashwe. Mashine isiyowashwa usiinunue, na uliza kwanza vipuri vinapatikana wilaya gani.

Nina malalamiko yangu. Siku hizi mabanda ya nguo, vyombo vya plastiki na nyama choma yanazidi kusogea mbele, na mkulima anasukumwa nyuma. Na baadhi ya vipeperushi vinavyogawiwa vimeandikwa Kiingereza. Ukipewa cha namna hiyo, mrudishie kwa heshima na umwambie, "Naomba cha Kiswahili, nataka kukisoma." Tukisema hivyo wengi, mwaka unaofuata watachapisha.

Na pale karibu na lango, utakapoona watu wameinama wakizunguka karata tatu, pita upesi. Yule unayemwona akishinda ni mwenzao.

Jioni mabasi hujaa haraka, kwa hiyo toka kabla ya jua kushuka, hasa ukiwa na watoto. Fedha iliyobaki igawe mahali pawili katika nguo zako.

Mbegu ukifika nayo nyumbani, usiifungue. Iweke mahali pakavu, juu ya kichanja, mbali na jiko na mbali na dawa za kunyunyizia. Mvua za huku huanza Novemba. Una kama miezi mitatu ya kuandaa shamba na kukata kamba yako ya mafundo.